Mui Usio na Punda

Bi Somoe hakuuliza habari za kanisa wala dhahabu.
Ameketi dakani, anachagua mchele,
anauliza: "Na huko muini, kuna punda?"
Hakuna, mama.
"Na magari?"
Hakuna.
"Basi simiti hutukuliwa ni nani?"

Nikaanzia kwenye baridi.

Venisi, mwezi wa Disemba,
baridi haikai nje ya mtu. Huingilia mkono wa koti,
hupanda hadi kwapani,
hukuuliza jina lako na la baba yako.
Makoti yetu yalikuwa ya mtumba, ya Kongowea:
la Shekuwe fupi mikononi,
langu lina harufu ya kabati la mtu mwingine.
Twalib akapumua, akaona moshi, akapiga ukelele:
"Mama, naungua ndani!"
Dadake akamwita Birika.
Siku nne zote alikuwa Birika.

Shekuwe alialikwa kupachika mlango,
ule alioutia nakshi miezi saba
ukumbini kwetu Mkomani, vumbi likitua hata kwenye uji.
Mwenye nyumba alilipa tiketi moja.
Tatu zilitoka kwenye kiwanja cha Wiyoni,
kile tulichosema tutajenga.
Sijui kama tulikosea. Usiniulize leo.

Njia zao, mama, ni kama hizi zetu,
ukuta na ukuta, mbingu utepe.
Nyuma yetu mawe yakaanza kulia, kwa-kwa, kwa-kwa,
na Twalib, bila kugeuka,
akajibandika ukutani, tumbo ndani,
nasi sote tukamfuata.
Lilikuwa sanduku la msafiri, lina magurudumu.
Mwenyewe akapita akitutazama:
watu wanne wamejipanga ukutani
wakimpisha punda asiyekuwepo.
Tulicheka mpaka machozi yakapoa mashavuni.

Wenzetu walitazama juu, kwenye minara.
Shekuwe alitazama miguu ya milango,
pale mbao inapokunywa maji hadi inasahau kuwa mbao.
Akapiga goti kwenye jiwe la barafu, akanusa.
"Huliwa kuanzia chini," akasema, "kama yetu."
Hakusema tena mpaka magharibi,
na magharibi ya huko ni saa kumi na nusu,
udhu wa alasiri haujakauka.

Nami nilifanya jambo.
Katika ujia mmoja palianikwa nguo,
shuka, soksi, sidiria ya mtu mzima,
zimekakamaa kwa baridi kama ngonda.
Nikainua simu, nikapiga picha.
Dirisha likafunguka. Mkono ukatoka,
ukavuta kamba polepole,
nguo moja, nguo nyingine,
hata pakabaki kamba tupu.
Hakunitukana. Laiti angenitukana.
Miaka thelathini mkono ule ni wangu:
narudisha leso ndani, nafunga dirisha,
na mgeni yuko chini kwenye baraza yetu
anarekebisha jicho lake la kioo.

Picha nimeifuta. Sikumwambia Shekuwe.

Leo jua la Januari limekaa juu ya dari.
Koti lilianza kunuka uvundo, nimelianika
baina ya leso mbili na suruali ya shule ya Birika.
Chini kasimama mgeni, kikoi kiunoni, pua imebabuka.
Ameinua kamera.
Kaacha mlango wenye nakshi, kaacha leso,
anapiga koti. Koti la sufu, Lamu, saa saba mchana.
Mkono wangu ulikwisha shika kamba.

Nikauacha pale pale, kwenye kamba.
Na aende nalo. Akifika kwao ataulizwa,
na hatakuwa na la kujibu.

Dakani Bi Somoe amemaliza mchele.
"Weye! Hukunijibu. Simiti."
Huletwa kwa mashua, mama, kisha kwa mkokoteni.
Husukumwa na watu.
"Watu!" asema, anapuliza makapi. "Masikini."